Balozi Aliyerudi Wodini: Kisa cha Arthur Wint wa Jamaika

Mwaka 1978 Jamaika ilikuwa nchi ya watu wanaofunga mizigo. Fedha za kigeni zilikuwa zimekauka, Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuwa limeshaingia na masharti yake, na madaktari, wahandisi na wahasibu walikuwa wakihamia Miami, Toronto na New York. Waziri Mkuu Michael Manley alikuwa ameshawaambia hadharani wale wasiozipenda siasa zake kwamba ndege za Miami ziko tano kwa siku. Wengi walizipanda.

Mwaka huohuo daktari mmoja mwenye umri wa miaka 58 alipishana nao njiani. Alikuwa amemaliza kazi ya kuiwakilisha nchi yake London, pamoja na Uswidi na Denmark, kazi aliyoishika tangu 1974. Alirudi nyumbani, na akavaa tena koti jeupe katika hospitali ya Linstead, mji wa soko katika parishi ya Saint Catherine. Parishi, kwa Jamaika, ni kama wilaya zetu. Daktari huyo ni Arthur Wint, mtu wa kwanza kuiletea Jamaika medali ya dhahabu ya Olimpiki.

Nimekishika kisa hiki kwa sababu ya neno letu moja, balozi. Kwa Kiswahili balozi ni yule mwenye bendera kwenye gari anayepeleka hati za utambulisho kwa mkuu wa nchi ya ugenini. Tanzania, balozi ni pia yule wa nyumba kumi, anayejua nani kafiwa na nani kagombana na mkewe usiku. Na siku hizi balozi ni wa maji ya chupa, wa kampuni ya simu, wa utalii. Mwanariadha akirudi na medali anapokelewa uwanja wa ndege kwa ngoma, anavishwa kofia na fulana, anaambiwa kuanzia leo wewe ni balozi wetu. Baada ya miezi sita hakuna anayemtafuta. Hana ofisi, hana jalada, hana kazi. Ana picha tu. Jambo hili linaniuma kila linapojirudia, maana tunalichukua jina zito na kulifanya zawadi ya kuagana.

Kwa hiyo swali langu juu ya Wint ni moja. Je, Jamaika nayo ilichukua tu sura maarufu ikaipeleka London? Nimeipitia miaka yake hatua kwa hatua, na jibu ninaloliona ni kwamba medali ilimfanya asikilizwe, lakini kilichomfanya awe mjumbe ni ile miaka 22 kati ya mbio zake za mwisho za Olimpiki na ofisi ya London, miaka ambayo hapakuwa na jukwaa lenye watu wa kumpigia makofi.

Alizaliwa tarehe 25 Mei 1920 Plowden, kijiji cha parishi iitwayo Manchester, huko huko Jamaika. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kipresbiteri. Waliokulia kwenye nyumba za misheni wanajua malezi hayo: sala ya asubuhi, kitabu mezani, mgeni asiyeisha, na macho ya usharika mzima juu ya mtoto wa mchungaji. Mwaka 1938 alikuwa tayari akiiwakilisha Jamaika kwenye michezo ya Amerika ya Kati na Karibi huko Panama. Kisha vita ikaja. Akajiandikisha, akapelekwa Kanada kufundishwa urubani, na hata huko kambini miguu haikutulia, kwani aliweka rekodi ya Kanada ya mita 400. Akaingia Uingereza akiwa rubani wa Jeshi la Anga la Mfalme. Alitoka jeshini 1947 na kuanza masomo ya udaktari katika hospitali ya Saint Bartholomew, London, moja ya hospitali kongwe kabisa za Uingereza.

Hebu tusimame hapo kidogo. Mwaka 1948 Wint alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari, mwanajeshi mstaafu wa miaka 28, raia wa koloni, katika jiji ambalo chakula kilikuwa bado kinagawiwa kwa kadi. Mazoezi aliyafanya baada ya vipindi na maabara. Alikuwa mrefu karibu mita 1.95, na hatua yake watazamaji walisema inakaribia mita tatu. Walimwita Jitu Pole. Mtu wa aina hiyo akikimbia, anaonekana kama hana haraka, na hapo ndipo wenzake walipodanganyika.

Mwaka huo Olimpiki ilikuwa London. Tarehe 22 Juni 1948 meli ya Empire Windrush ilishusha Tilbury mamia ya watu wa Karibi waliokuja kutafuta kazi, wengi wao wakiwa wamewahi kulitumikia jeshi lilelile la anga. Wasio na pa kufikia walilazwa katika handaki la Clapham South, lililochimbwa kwa ajili ya kujikinga na mabomu. Siku 44 baadaye, tarehe 5 Agosti, Wint alisimama kwenye mstari wa fainali ya mita 400 uwanjani Wembley.

Aliyetarajiwa kushinda ni Mjamaika mwenzake, Herb McKenley. Mwezi mmoja kabla, McKenley alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya sekunde 45.9. Namna yake ya kukimbia ilijulikana: bunduki ikilia anaondoka kwa kasi yote aliyonayo, wengine wamtafute. McKenley akatoka kama kawaida yake, na walipomaliza kona ya mwisho alikuwa mbele kwa mita kadhaa. Wint hakubabaika. Hatua zake hazikuongezeka wingi, ziliendelea kuwa zilezile ndefu huku za mwenzake zikianza kufupika. Zilipobaki kama mita 20 akampata, akampita. Sekunde 46.2, sawa na rekodi ya Olimpiki iliyokuwapo tangu 1932. McKenley alikuwa wa pili kwa 46.4, na Mal Whitfield wa Marekani wa tatu.

Siku tatu kabla ya hapo Wint alikuwa ameshapata medali ya fedha ya mita 800 nyuma ya Whitfield huyohuyo. Kwa hiyo hadi jioni ile Jamaika, koloni iliyoshiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, ilikuwa na dhahabu moja na fedha mbili. Ikabaki mbio ya kupokezana vijiti ya mita 400 mara nne, tarehe 7 Agosti.

Wint alipewa mzunguko wa tatu. Akiwa katikati, msuli ukakataa. Aliruka kidogo kwa mguu mmoja, akatoka nje ya njia, akaanguka kwenye majani. McKenley alikuwa amesimama mahali pa kupokea, mkono tayari, akisubiri kijiti ambacho hakikufika. Marekani wakashinda. Waliokuwapo wamesimulia kwamba Wint alilia, na kwamba alijiona amewaangusha wenzake watatu.

Anayetaka kumwelewa balozi wa 1974 asiipite haraka picha hii. Medali ya mtu mmoja ni mali ya mtu mmoja. Kijiti ni dhamana: umekipokea kwa mwingine, na kuna mwingine anakisubiri. Wint alikuwa na dhahabu kifuani, na bado kilichomkaa moyoni ni kijiti.

Miaka minne baadaye, Helsinki, 1952. Alikuwa na miaka 32, umri ambao wakimbiaji wengi wa mita 400 wameshaning'iniza viatu, na alikuwa anamalizia udaktari. Katika mita 800 akamaliza tena wa pili nyuma ya Whitfield, kwa tofauti ya sehemu mbili za kumi za sekunde. Katika mita 400 akawa wa tano. Dhahabu ilikwenda kwa kijana wa Jamaika, George Rhoden, na McKenley akawa wa pili kwa mara nyingine, muda wao ukiandikwa sawasawa, 45.9. Wanaume wanne walewale wa 1948 wakapanga tena kikosi cha kupokezana: Wint, Leslie Laing, McKenley, Rhoden.

Safari hii Wint aliwekwa wa kwanza. Aliyekwama na kijiti ndiye aliyekabidhiwa kukianzisha, na mimi naona huo ni uamuzi wa watu wanaoaminiana. Alikimbia mzunguko safi, akampa Laing wakiwa bado kwenye mashindano. Laing akaachwa na Mmarekani kwa mita zaidi ya kumi. Kisha McKenley akapokea, na alichofanya hapo wapenzi wa riadha bado wanakizungumza: alimaliza mzunguko wake kwa sekunde 44.6, akalifuta pengo lote, na kumkabidhi Rhoden akiwa mbele kwa hatua moja. Nyuma ya Rhoden alikuwa Whitfield, yuleyule. Mita 400 nzima walikwenda wamefuatana kama mtu na kivuli chake, na Rhoden hakukubali kupitwa. Jamaika dakika 3 sekunde 3.9, Marekani 3 na 4.0. Rekodi ya dunia iliyokuwapo kwa miaka 20 ilipunguzwa kwa zaidi ya sekunde nne. Husimuliwa kwamba usiku ule Prince Philip aliwatembelea chumbani kuwapongeza, na kwa kuwa hapakuwa na bilauri ya kumpa kinywaji, akapewa ya kuwekea mswaki.

Hapo Wint aliachana na Olimpiki, akiwa na dhahabu mbili na fedha mbili. Sasa ndiyo sehemu ambayo wasimulizi wengi huipita kwa sentensi moja. Mimi naiona ndiyo moyo wa kisa.

Alihitimu udaktari 1953. Mwaka 1954 Malkia alimpa nishani ya MBE. Angeweza kubaki London akajenga maisha, maana shahada alikuwa nayo, jina alikuwa nalo, na Uingereza ilikuwa inawahitaji madaktari. Mwaka 1955 alirudi Jamaika na mkewe Norma. Na hata Jamaika hakukaa Kingston walipo wakubwa. Alikwenda Hanover, parishi ndogo ya kaskazini magharibi ambayo makao yake makuu ni mji wa bandari wa Lucea, akawa daktari pekee anayeishi katika parishi nzima.

Kuwa daktari pekee wa wilaya ni kazi ambayo msomaji wa Newala, wa Turkana au wa Kisoro ataielewa bila maelezo. Mama anayeshindwa kujifungua saa tisa usiku ni wako. Aliyejikata panga shambani ni wako. Mzee wa sukari asiyetaka kuacha chai yake tamu ni wako, na ukishamtibu unakaa naye kanisani Jumapili. Huwezi kumwandikia mgonjwa aende kwa mwingine, kwa sababu mwingine hayupo. Unajifunza kusikiliza sana kabla ya kusema, unajifunza kutoa habari mbaya bila kumvunja mtu, na unajifunza kutunza siri za nyumba mia. Nikiliweka kwa Kiswahili chetu, Wint alikuwa balozi wa nyumba kumi kwa miaka mingi kabla hajawa balozi wa nchi. Mafunzo aliyokwenda nayo London 1974 ndiyo hayo.

Wakati yuko kwenye kazi hiyo, nchi yake ikapata uhuru, tarehe 6 Agosti 1962. Ukihesabu kutoka ile jioni ya Wembley ni miaka 14 na siku moja.

Mwaka 1972 Michael Manley alishinda uchaguzi. Manley naye aliwahi kujiunga na jeshi la anga la Kanada wakati wa vita, na akasoma London baadaye. Baba yake, Norman Manley, ambaye ni mmoja wa waasisi wa taifa lile, alikuwa mkimbiaji hodari wa shule, na rekodi yake ya yadi 100 kwa wanafunzi, ya mwaka 1911, ilidumu miongo minne. Serikali ya namna hiyo haikuhitaji kuelezwa mwanariadha anaweza nini. Mwaka 1973 Wint alipewa nishani ya taifa, na 1974 akateuliwa kuiwakilisha Jamaika Uingereza, na pia kuwa balozi kwa Uswidi na Denmark.

Cheo chake London hakikuitwa balozi. Kiliitwa Kamishna Mkuu, kama ilivyo kwa nchi zote za Jumuiya ya Madola zinapopelekeana wajumbe. Na Jamaika ilikuwa na jambo la ziada: mkuu wake wa nchi alikuwa, na hadi leo ni, mtu yuleyule anayevaa taji la Uingereza. Mjumbe hapeleki hati kutoka kwa Malkia kwenda kwa Malkia huyohuyo. Anapeleka barua ya waziri mkuu mmoja kwa waziri mkuu mwenzake. Stockholm na Copenhagen mambo yalikuwa tofauti, huko alikuwa balozi kamili mbele ya mfalme na malkia wa watu wengine. Naona kuna jambo la kufikirisha kwa mtu aliyewahi kuapa kumtumikia Mfalme wa Uingereza akiwa rubani, sasa anaingia katika jiji lilelile kusema kwa niaba ya nchi yake mwenyewe.

Na hakuingia wakati mwepesi. Uingereza ilikuwa imejiunga na Soko la Pamoja la Ulaya 1973, na visiwa vilivyoishi kwa kuiuzia Uingereza sukari na ndizi vilikuwa na hofu ya kufungiwa soko. Hofu hiyo ndiyo iliyozaa Mkataba wa Lomé wa Februari 1975, uliosainiwa na nchi 46 za Afrika, Karibi na Pasifiki, Tanzania na Kenya zikiwamo. Mwaka 1974 Manley alikuwa ameyawekea makampuni ya bauksiti, madini ya kutengenezea alumini, kodi mpya, hatua iliyowaudhi wenye mitaji wa Marekani na Kanada. Akatangaza ujamaa wa kidemokrasia, akawa rafiki wa Nyerere. Aprili na Mei 1975 Kingston ikawa mwenyeji wa mkutano wa viongozi wa Jumuiya ya Madola. Juni 1976 ikatangazwa hali ya hatari kwa sababu ya mauaji ya kisiasa. Desemba mwaka huo Bob Marley alipigwa risasi nyumbani kwake siku mbili kabla ya tamasha la amani, na mwaka uliofuata akawa London.

Sitamvisha Wint sifa ya mikataba hiyo. Lomé ilijadiliwa na mawaziri, na kwa upande wa Karibi aliyeonekana mbele ni P. J. Patterson. Bauksiti iliamuliwa Kingston. Mjumbe wa miaka ile hakuwa mtunga sera. Alikuwa mtu wa kueleza kwa utulivu, katika nchi ambayo magazeti yake yalikuwa yameanza kuiogopa Jamaika, kwamba serikali hii imechaguliwa na watu wake na inajua inachokifanya. Wahenga walisema mjumbe hauawi, lakini mjumbe anaweza kupuuzwa, na kupuuzwa ni kifo cha ujumbe. Hapo ndipo naiona faida halisi ya medali. Mwingereza wa miaka 50 au 60 mwenye madaraka mwaka 1975 alikuwa kijana mwaka 1948. Aliikumbuka Wembley. Kabla Wint hajafungua mdomo kuhusu sukari, aliye mbele yake alikuwa anamfahamu kama mwenyeji, mtu aliyevaa sare yao, aliyekula mgao wao, aliyesomea hospitali yao na kukimbia mbele ya umati wao. Kuifanya nchi yake ionekane tishio kutoka mbali kulikuwa kugumu zaidi akiwa ndani ya chumba.

Lakini nadhani watu waliomhitaji zaidi hawakuwa maofisa. Walikuwa wale wa Windrush na waliowafuata. Mwaka 1948 walikuwa vijana wanaotafuta vyumba na kukuta vibao vinavyowakataa. Kufikia 1974 walikuwa baba na mama wenye mvi, madereva wa mabasi, wauguzi, wafanyakazi wa viwandani, na wanao waliozaliwa Brixton na Birmingham walikuwa wakisimamishwa na polisi mitaani kwa kutumia kifungu cha sheria ya uzururaji ya 1824. Chama cha wabaguzi cha National Front kilikuwa kinaandamana. Agosti 1976 sherehe ya Notting Hill, iliyoanzishwa na watu wa Karibi, iliishia kwa mapambano kati ya vijana na polisi. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mpya dhidi ya ubaguzi wa rangi.

Kwa watu hao ofisi ya nchi yako ni mahali pa pasipoti, pa barua ya mahakama, pa kuuliza namna ya kusafirisha maiti ya ndugu. Ni kazi isiyoandikwa kwenye vitabu vya historia. Msomaji aliyewahi kupanga foleni ubalozini akiwa Muscat au Washington anaijua, na anajua tofauti ya kupokelewa na mtu na kupokelewa na dirisha. Fikiria basi kwamba juu ya ofisi hiyo yuko mtu ambaye wewe mwenyewe, ukiwa hujamaliza hata miezi miwili nchini, ulisikia kwenye redio kwamba ameshinda, na kwamba mtu huyo kabla ya kuja hapa alikuwa daktari wa kijijini. Hakuna anayeweza kuteua heshima ya namna hiyo kwa barua.

Kipindi chake kiligusa pia michezo yenyewe, tena kwa namna inayotuhusu sisi moja kwa moja. Julai 1976 nchi za Afrika ziliondoka Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand, iliyokuwa imepeleka timu ya raga Afrika Kusini ya ubaguzi, iliruhusiwa kushiriki. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele katika msimamo huo, na ulimgharimu Filbert Bayi wetu, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974, dakika 3 sekunde 32.16, mbele ya John Walker wa New Zealand. Dunia ilitaka kuwaona tena wawili hao. Walker alikimbia Montreal bila Bayi na kuchukua dhahabu. Jamaika ilikwenda, na Don Quarrie akashinda mita 200. Serikali mbili zilizopendana, zenye chuki moja dhidi ya ubaguzi wa Afrika Kusini, ziliamua tofauti.

Sijawahi kuona ni rahisi kusema nani alikosea. Jamaika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa duniani kukata biashara na Afrika Kusini, tangu bado koloni, chini ya Norman Manley. Na sisi tuliotoa sadaka ya Bayi hatukuitoa bure: Juni mwaka uliofuata viongozi wa Jumuiya ya Madola walikutana London, na katika mapumziko yao Gleneagles, Scotland, wakakubaliana kuzuia michezo na Afrika Kusini, Michael Manley akiwa mmoja wa waliofanikisha maneno hayo yapatikane. Mwakilishi wa Jamaika katika jiji la mkutano ule alikuwa mtu aliyejua kwa misuli yake kile ambacho Bayi aliombwa kukiacha. Alijua pia, tangu 1948, kwamba ukipewa kijiti hukimbii kwa ajili yako.

Kuna wengine wa kumlinganisha naye. Philip Noel-Baker wa Uingereza alipata medali ya fedha ya mita 1500 mwaka 1920, akatumia maisha yake kudai upunguzaji wa silaha, na 1959 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Karibu nasi zaidi, Aggrey Awori aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiki za 1960 na 1964 akiruka viunzi, na baadaye akawa balozi wa nchi yake Washington, kisha mbunge na waziri. Wote wawili walikwenda kwenye siasa. Wint hakwenda. Hakugombea ubunge, hakuanzisha chama, hakugeuza London kuwa ngazi. Ndiyo maana serikali iliyopingwa vikali nyumbani na nje iliweza kumtuma bila wapinzani wake kusema wamepelekewa kada.

Je, ulikuwa uteuzi mzuri? Nasema ndiyo, ila si kwa sababu ambayo watu huitaja kwanza. Kama Jamaika ingekuwa huru 1953 ikampeleka akiwa bado na harufu ya Helsinki, angekuwa picha ya ukutani. Angependwa, angealikwa kwenye chakula, na hapana shaka angechoka. Miaka ya Hanover ilimpa kitu cha kuwakilisha. Aliweza kusema Jamaika inahitaji nini kwa sababu alikuwa ameigusa Jamaika kwa mikono, ikiwa imelala kitandani na homa. Nchi zetu zina mabingwa wa aina hii, waliorudi na kuwa walimu wa shule za msingi, askari magereza, wauguzi, wakulima. Tunawatafuta siku ya maadhimisho. Sioni kwa nini tusiwatafute siku ya kazi, tukawapa jalada, mafunzo na mshahara wa mtumishi halisi wa wizara, badala ya fulana.

Uthibitisho wa mwisho alituachia mwenyewe mwaka 1978. Kwa kawaida aliyewahi kukaa kwenye makazi ya balozi hujipatia nafasi ya kufanana na hadhi hiyo: bodi ya kampuni, kiti cha chuo kikuu, kazi ya ushauri huko huko Ulaya. Hospitali za Jamaika zilikuwa zinakimbiwa. Wint alikuwa mganga mkuu wa hospitali ya Linstead hadi 1985, akawa na miaka 65. Mgonjwa aliyeingia asubuhi na kikohozi alihudumiwa na mtu aliyeshinda Wembley na kuketi na wafalme, na kwa jinsi wanavyomkumbuka, hakuna kilichomwonyesha mgonjwa hivyo isipokuwa urefu wake mlangoni.

Mwaka 1989 aliingizwa kwenye orodha ya heshima ya wanamichezo wa Jamaika. Barabara iliyo kando ya Uwanja wa Taifa, Kingston, inaitwa kwa jina lake. Alifariki Linstead tarehe 19 Oktoba 1992. Ilikuwa Jumatatu ya tatu ya Oktoba, siku ambayo Jamaika nzima hupumzika kuadhimisha Sikukuu ya Mashujaa.